Nilivyochagua shokapu na springi za Datsun 240Z yangu kwa barabara za Arusha

Kila anayeiona 240Z yangu, gari la michezo la zamani la Kijapani, hapa Njiro ananiambia ishushe, itapendeza zaidi. Mimi nimeiacha na kimo chake, na naandika haya kwa sababu naona wenzangu wenye magari ya zamani wanamwaga pesa kwenye springi fupi kabla hawajagusa kitu kingine chochote.

240Z inatumia shokapu za aina ya MacPherson mbele, na nyuma pia kila tairi linajitegemea, springi ikiwa imevishwa juu ya shokapu. Ukiweka springi fupi, lile bomba la shokapu halifupiki nalo. Nafasi ya kuzama inabaki kidogo, na tuta la kwanza la Usa River linaimaliza yote, kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye bodi. Halafu kuna hili ambalo halisemwi sana: gari likishuka mno, mikono ya chini inayoshika tairi inapanda upande wa nje, na gari linakuwa na tabia ya kulala zaidi kwenye kona. Hapo inabidi utafute springi ngumu zaidi ili kutibu ugonjwa ulioununua mwenyewe.

Nilikwenda kwa watu wanaoijua kazi hii, yaani mafundi wa magari ya watalii. Kule Unga Limited kuna mzee aliyezeekea kwenye Land Cruiser zinazokwenda Serengeti. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za springi. Akaniacha nimalize, akachukua nondo, akaingia chini ya gari, akausukuma mkono wa mbele. Ukacheza.

"Mwanangu, bushi zimekufa hizi. Shokapu utaipimaje wakati tairi lenyewe halijui linaelekea wapi?"

Basi tukaanza na bushi, yaani vile vipande laini vya kwenye maungio ya mikono, na bado naamini ndipo kila mtu aanzie. Wengi wanasifia za poliyurethani kwa sababu ni ngumu na haziliki haraka. Kwa gari la mashindano sawa. Lakini zile zinazunguka juu ya chuma kwa msaada wa grisi, na vumbi letu likiingia kwenye grisi inakuwa msasa. Nikachagua raba, hasa kwenye ile fimbo inayozuia mkono wa mbele usirudi nyuma, maana fimbo hiyo inahitaji kujipinda kidogo kila tairi linapopanda na kushuka. Ikibanwa kwa kitu kigumu pande zote mbili, chuma chenyewe ndicho kinachobeba mzigo, na kinaweza kukatika.

Kazi nzito ilikuwa nyuma. Kuna pini ndefu inayopita chini ya kila shokapu, na kwenye magari haya inajulikana kwa kuganda kwa kutu. Ukiigonga kwa nyundo kichwa kinafumuka, nyuzi zinaharibika, na haitoki tena. Mzee aliiloweka mafuta ya kulegeza kutu, akaiacha ilale nayo, kisha akaitoa kwa presi taratibu huku akisikiliza. Ilipoachia ilitoa mlio mmoja mkali, ikaanza kutembea. Jambo jingine alilonisisitizia: bushi za raba usizikaze gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Raba haizunguki, inajinyonga. Shusha gari likae kwa matairi yake, ndipo ukaze nati za mwisho, la sivyo raba inaishi imejinyonga na itapasuka mapema.

Kwenye shokapu nilipima kati ya chapa mbili, Koni na KYB. Koni inakuruhusu kurekebisha nguvu ya kurudi, na ningekuwa naendesha kwenye lami tupu ningeichukua. Nikachukua KYB, nikaziingiza ndani ya mabomba ya awali na kumimina mafuta kidogo kuzizunguka ili joto lipate njia ya kutoka. Joto si suala dogo. Kwenye barabara yenye mawimbi shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta yanachemka na kutoa povu, na gari linaanza kuelea.

Wanaoniambia nishushe huwa nawakumbusha Safari Rally ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z, Shekhar Mehta akawa wa pili kwa 240Z nyingine, na mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe. Tazama picha za mashindano hayo: magari yamesimama juu, matairi yana nafasi ya kutembea.

Springi nimebaki na za kimo cha kiwandani. Stabilaiza ya mbele, ile fimbo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia, nimeiacha ileile, kwa sababu nene inafunga matairi mawili pamoja, na shimo la upande mmoja linayumbisha upande wa pili.

Sasa naenda Moshi na kurudi, na kwenye rasta za barabarani usukani unatulia mkononi. Kwenye kona gari bado linalala kidogo, ila linalala polepole na kutulia, nalijua litakapoishia.

Ukimaliza kazi hii peleka gari kwenye wili alaimenti. Kwenye 240Z ya awali kinachorekebishika ni mwelekeo wa matairi ya mbele tu, kwa tairodi. Ulalo wa tairi, yaani tairi kuegemea ndani au nje, hauna sehemu ya kurekebishia. Ukiambiwa ulalo nao umerekebishwa, omba uonyeshwe ni kwa nati ipi.