Daftari la Jiwe la Kilo 20

Msimu wa mahindi wa 2016 nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la Kibaigwa, wilayani Kongwa, Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda, mzee mtunza ghala alinikabidhi jiwe la chuma la kilo 20.

"Liweke katikati, mjukuu wangu. Andika unachokiona, usiandike unachokitaka."

Mwanzoni niliona ananichosha bure. Stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwa imebandikwa pale, ya mwaka uleule. Lakini stika husema mizani ilivyokuwa siku ya ukaguzi. Siku zinazofuata hazisemi. Namba zangu zilicheza: 20.00, 20.05, 19.95, tena 20.00. Mzee hakushtuka. Mizani ile ilisoma kwa hatua za gramu 50, na kucheza huko alikuita kupumua.

Mwishoni mwa Julai alishusha kidole chake polepole kwenye safu ya namba, kisha akakisimamisha. 19.90, 19.85, 19.90, 19.85, 19.80.

"Hii haipumui tena. Inateremka."

Kwanza tulilishuku jiwe letu. Tukaazima la jirani, nalo likasoma 19.80. Mizani tupu ilionyesha sifuri, kwa hiyo kasoro haikuwa ya kuanzia. Tukapandisha mawe yote mawili: 39.60. Upungufu ulikua pamoja na mzigo. Nikapiga hesabu ya gunia la kilo 100 na mikono ikaniishia nguvu. Mkulima aliyelima kwa mvua chache za Kongwa alikuwa akipoteza kilo nzima kwa kila gunia, na hakuna mtu aliyeiba.

Miaka baadaye nilisoma kwamba hata kilo mama, kipande cha platinamu na iridi kilichokuwa kipimo cha kilo zote duniani, iliyotunzwa Sèvres, Ufaransa, tangu 1889, ilipolinganishwa na nakala zake ilikutwa imeachana nazo kwa takriban mikrogramu 50 katika miaka mia. Mwaka 2019 kilo ikapewa maana mpya, isiyotegemea kipande cha chuma. Nilimkumbuka mzee palepale. Wataalamu wale nao walikuwa wamekaa na swali letu la ghalani: kati ya hivi viwili, kipi kimehama?

Mizani ikasimamishwa, fundi akaitwa, na haikupima tena mpaka ikaguliwe upya. Usiku tukapitia kitabu cha mapokezi, kuanzia siku ambayo namba hazikurudi tena kwenye 20, tukamhesabia kila mkulima kilo zake. Bosi alinung'unika sana. Lakini daftari lilikuwa mezani, akalipa.

Mama mmoja kutoka Mlali, aliyekuwa ameleta magunia kumi na manne, alizipokea fedha zake, akazifunga kwenye pindo la khanga, kisha akaniangalia.

"Na mwaka jana je, mwanangu?"

Mwaka jana hakukuwa na daftari.