Siku moja kwenye chumba cha ushauri nasaha, Dodoma

Saa 11 alfajiri naamka, naandaa watoto, najaza chai kwenye chupa. Saa 1 na nusu nimebanana kwenye daladala ya kutoka Nzuguni. Saa 2 nafagia vumbi lililoingizwa na upepo usiku, napanga viti viwili na boksi la tishu, nafungua mlango.

Watu wakisikia mimi ni mshauri nasaha, wanadhani kazi yangu ni kumwambia mtu la kufanya. Siyo. Kazi yangu ni kumsaidia mtu asikilize vita iliyomo ndani yake, na ni kazi inayochosha mwili kama kulima.

Mteja wa saa 3 na wa saa 4 walikwenda vizuri. Saa 5 akaja dereva wa lori na kaka yake. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike, na mwenyewe ameridhia niandike.) Kaka mtu ndiye aliyetangulia kuingia, akakaa kwenye kiti cha mteja.

“Dada, gari limelala. Mwambie aache pombe, wiki ijayo arudi barabarani. Wewe atakusikia.”

Nikamwomba kwa heshima asubiri kwenye benchi.

Mdogo wake alipata ajali barabara ya Singida, utingo wake akafariki. Tangu hapo akishika usukani vidole vinakakamaa. Anataka kurudi kazini, watoto wanataka kula, lakini mikono inagoma. Usiku anakunywa hadi azime.

Njia ninayotumia inaitwa Internal Family Systems (IFS), yaani mfumo wa familia ya ndani. Ilianzishwa miaka ya 1980 na Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani. Wateja wake walikuwa wakimsimulia sehemu za ndani yao zinazogombana, naye akaanza kuzisikiliza kama anavyosikiliza watu wa familia moja. Kuna sehemu zilizobeba jeraha, zimefichwa mbali. Kuna walinzi wanaopanga kila kitu ili jeraha lisiguswe. Na kuna wazimamoto: maumivu yakilipuka wanakuja mbio na pombe, hasira au chochote cha kuyafunika. Nyuma ya hao wote ipo Nafsi yenyewe, iliyotulia, ambayo jeraha haliifuti. Hatuendi kwenye jeraha kabla walinzi hawajaridhia.

Nikamuuliza kitu kinachokakamaza vidole anakisikia wapi. Akaonyesha kuanzia begani hadi kiganjani.

“Unajisikiaje juu yake?”

“Nakichukia. Kinanimaliza.”

Nikamwomba ile chuki isogee pembeni kidogo, isiondoke, isogee tu. Akafumba macho. Pumzi ikaanza kushuka. Nikasema, “Kiulize kinaogopa nini kikiachia.”

Kimya kirefu. Halafu mlango ukagongwa.

“Dada, bado tu?”

Akashtuka, mabega yakapanda, akaanza kunielezea bei ya matairi. Yote tuliyojenga yakaondoka. Nilitoka nje, nikamweleza kaka mtu kwamba akigonga tena tunaanza upya, nikarudi, tukaanza upya. Kupumua. Bega. Chuki isogee. Mara hii ikakataa, nikalazimika kuisikiliza kwanza, na ilikuwa na mengi. Mgongo ulikuwa unaniuma na sikuthubutu kujigeuza kwenye kiti.

Mwishowe akasema taratibu, “Kinasema nikishika usukani nitaua mtu mwingine.”

Machozi yakamtoka. Nikamwacha alie.

“Na sasa unajisikiaje juu yake?”

“Namwonea huruma. Hajalala tangu siku ile.”

Hapo ndipo naipenda kazi hii. Ajali yenyewe hatukuigusa, wala pombe sikuigombeza. Mlinzi alipata mtu wa kumsikiliza, kwa siku hiyo inatosha.

Nje kaka mtu akauliza, “Amepona?” Nikamwambia ameanza. “Hela yote hii kwa maongezi?” Nilimjibu kwa upole, lakini iliniuma.

Ugali na mlenda wa mama lishe niliula ukiwa umepoa. Mchana akaletwa kijana anayesikia sauti za watu wasiokuwepo na kuamini wanamfuata. Huyo sikumwingiza kwenye mambo ya sehemu za ndani. Anahitaji daktari, nikazungumza na mama yake hadi akakubali kumpeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Baada yake wakaja wengine, sikumbuki nani alitangulia. Utafiti wa njia hii bado ni mchache, kwa hiyo simwahidi mtu muujiza. Namwahidi kwamba nitakuwepo na sitamharakisha.

Giza lilinikuta bado naandika kumbukumbu za wateja.

Niko jikoni, simu ikaita. Kaka mtu. Mdogo wake amemsimulia mwenyewe habari ya vidole na ile hofu ya kuua. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akauliza kama safari ijayo anaweza kumsubiri nyumbani. Nikamwambia ndiyo, na lori alitafutie dereva wa muda.