Siku ya tisa hakufungua mlango

Machi 21, 2023 ilipotangazwa kwamba ule ugonjwa usiojulikana huku Bukoba Vijijini ni Marburg, homa kali ya kirusi inayoua, nilikabidhiwa daftari, kipimajoto na kaya nne. Humo walikuwemo waliomuuguza mgonjwa na waliofua nguo zake. Kila mmoja apimwe joto asubuhi na jioni kwa siku 21, maana kirusi hiki kinaweza kujificha mwilini muda wote huo kabla ya homa kuanza.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Nilichokuwa sijakijua ni maisha ya mtu kati ya kipimo cha asubuhi na cha jioni.

Siku ya tisa bibi mmoja hakufungua. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, kwa hiyo yumo. Nikapiga hodi, nikasimama uani kwenye tope la masika mpaka akanijibu kwa ndani: "Mwanangu, wewe unakuja kuniandika tu. Chumvi imeisha tangu juzi, na dukani hawataki hata kushika hela yangu."

Nilikuwa nimefika mlangoni kwake mara kumi na sita, na sikuwahi kumuuliza anakula nini. Hilo linaniuma hadi leo.

Jioni nilirudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji tufuatane, asimame pale uani azungumze na bibi majirani wakiona. Yeye ndiye aliyewaeleza kwamba mtu asiye na dalili haambukizi, na kwamba tunampima ili dalili ikitokea tuiwahi siku hiyo hiyo. Kutoka kwangu walishalisikia, lakini kwa mwenyekiti lilikuwa na uzito mwingine. Bibi akafungua: 36.4.

Alimaliza siku zake 21 salama. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6, akiwemo mtumishi wa afya.

Januari 2025 Marburg ikarudi mkoani kwetu, safari hii Biharamulo. Mwenzangu wa huko alinipigia simu usiku kuuliza aanzie wapi. Nikamwambia kabla hajatoa kipimajoto mfukoni, aulize nyumba hiyo inanunuliwa chumvi na nani.