Siku anko alishika kasia Uhuru Park

Boxing Day ya 1996 anko alitutoa Kawangware na basi ya 46, mimi na dada yangu mdogo, akatupeleka Uhuru Park kupanda boti. Nilikuwa na miaka 9. Alikuwa ametuahidi tangu Agosti na kila mwisho wa mwezi ni story, mara mshahara umechelewa, mara nyumbani kuna matanga, hadi mamangu akamwambia wazi wacha kudanganya watoto.

Anko alikuwa soja, analinda geti ya kampuni fulani Industrial Area. Mtu wa "ndio mkubwa" na "sawa madam", hata kwetu nyumbani akiongea unamuomba arudie.

Tulishuka karibu na kanisa la All Saints, na pale ndani watu ni kama mchanga, watoto wote na nguo za Krismasi na zile miwani za plastiki, wamama wamekalia leso kwenye nyasi na chapati ndani ya hotpoti. Hiyo park Mzee Kenyatta aliifungua 1969 na ile lake ni shimo lilichimbwa tu na watu likajazwa maji, ukisimama upande mmoja unaona mpaka rangi ya soksi za mtu ako ng'ambo. Lakini kwetu ilikuwa bahari. (Na kama Wangari Maathai hangepiga kelele 1989, pale tungekuta jumba la ghorofa 60, sijui boti tungepanda wapi.)

Anko akasimama akaangalia maji, kijani kama mboga ya jana, akacheka. "Hii ndio mnaita lake? Hata ngege hapa itakataa."

Nilijua amezaliwa Homa Bay, kando ya Lake Victoria, na alikuwa anavua samaki kama hao ngege na babake kabla aje Nairobi, lakini kwangu hiyo ilikuwa habari tu, kama vile unajua mtu ana kitambulisho.

Kijana wa boti akamuuliza, mzee, unajua kupiga kasia ama nikupeleke? Anko hakumjibu. Akanipa koti nishike, akakunja mikono ya shati, kisha akainama akatafuta kikopo akaanza kutoa maji yaliyokuwa chini ya boti, polepole, huku laini nzima inangoja. Dada akawekwa nyuma, mimi mbele, "ndio isilale." Halafu akavuta. Mara moja tu, na tukawa mbali na watu.

Wengine walikuwa wanazunguka pale pale kama kuku amekatwa kichwa, wanagongana, wanarushiana maji. Sisi tulikuwa tunateleza. Kasia ilikuwa inaingia kwa maji bila kelele, inatoka na matone yamejipanga kwa ukingo, na anko haangalii mikono, anaangalia mbali huko juu ya lile jumba la KICC kana kwamba kuna mtu anamngoja.

Sasa kulikuwa na jamaa na msichana wake, jamaa akaangusha kasia, na badala ya kukaa akasimama aifikie. Boti ikaanza kucheza, msichana anapiga nduru, kiatu kimoja kishaingia maji.

"Omera, keti! Keti chini!"

Niligeuka kuangalia ni nani ameongea. Alikuwa anko. Jamaa akaketi kama mtoto wa nasari. Anko akawafikia na mivuto mitatu, akashika ukingo wa boti yao, akaokota kasia, akaokota na kiatu, akamuonyesha jamaa, vuta na mgongo, si na mkono. Watu kando ya maji wakapiga makofi, na yule kijana wa boti akatuongezea raundi moja ya bure.

Tulipotoka tukapigwa picha, anko akalipa diposti, Jumapili iliyofuata tukarudi na mpiga picha hakuonekana, hata wenzake walisema hawamjui. Hiyo picha inaniuma mpaka leo.

Jioni kwa basi ilikuwa kujibana. Konda akamsukuma anko na kiwiko, "Mzee songa nyuma, beba mtoto, unajaza njia," na anko akasema sawa boss, akasonga, akapakata dada, mikono bado inanuka yale maji. Nikadhani amekasirika. Tulipopanda Valley Road akaniinamia kwa sikio.

"Lakini uliona vile alikuwa ameshika kasia? Kama mtu ameshika nyoka!"

Akacheka peke yake mpaka Hurlingham.