Galliard wameninyima usingizi
Jana usiku nlikua nasikiliza tu vitu vya zamani, ile ya kuacha simu ijichezee yenyewe, mara ghafla tarumbeta na saksafoni juu ya gitaa zito, nkaamka nkakaa kitako kabisa nikaanza kutafuta hawa ni kina nani. Kumbe ni Galliard, jamaa wa Birmingham huko Uingereza, wametoa albamu mbili tu chini ya lebo ya Deram, Strange Pleasure 1969 na New Dawn 1970, basi, bendi kwisha. Mbili! Yani ndo nimeanza kuwapenda na zishaisha. Mi hio New Dawn ndo imenimaliza, tarumbeta na saksafoni hazijawekwa kama pambo, zinabishana na gitaa kabisa. Saa tisa usiku na kazini asubuhi, narudia tena.