Mafuta ya alizeti, ini langu na tumbo langu: nilivyofanya mimi

Mi kwetu Singida, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya alizeti, kwa hiyo mtu akinitumia klipu inayosema mafuta ya mbegu ni sumu siwezi kuipita tu. Na zimekuja nyingi aisee. Kwenye grupu la ukoo mtu anaweka jamaa wa Marekani kifua wazi anasema tupa mafuta yote ya mbegu, alizeti, soya, mahindi, pamba, rudini kwenye samli na mafuta ya ng'ombe, halafu baba mdogo ambaye ana mashine ya kukamua anauliza "sasa nyie wasomi wetu, hii biashara nifunge?" Tulikuwa tunacheka. Baadaye nikapiga ultrasaundi nikaambiwa ini lina mafuta, sukari ya asubuhi kabla sijala 6.3 mmol/L, imezidi, triglisaraidi (mafuta ya kwenye damu) nazo juu, na pombe mi sinywi kabisa, hapo ndo nikaanza kulifuatilia hili suala kwa ajili yangu.

Na tumbo pia. Lilikuwa linajaa gesi kila jioni, choo leo kigumu kesho kimelegea, nikila chipsi mchana naikuta bado iko palepale juu ya kitovu mpaka usiku. Nilishazoea nikadhani ndo nilivyo.

Madai ya hizo klipu kwa ufupi ni haya: mafuta ya mbegu yana omega 6 nyingi (aina moja ya mafuta), hasa ile inayoitwa asidi ya linoleiki, mwili unaigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, na hiyo ndo inatengeneza vitu vinavyoleta inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka ndani kwa ndani, kisha kisukari, kitambi, utumbo kuharibika na kila kitu. Ni kweli alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, kama asilimia 60 hivi, wakati mafuta ya zeituni kwa kawaida ni kama asilimia 10. Ila kinachofuata baada ya hapo kwenye klipu hakikai vizuri. Kwanza linoleiki ni lazima uile, mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Pili, watu wakiongezewa linoleiki kwenye chakula, arakidoniki kwenye damu yao haipandi kwa maana, kwa sababu mwili unageuza kidogo sana na una breki zake. Yaani ule mshale wa kutoka A kwenda B wanaochora ubaoni upo, lakini kinachopita hapo ni kidogo mno.

Kilichonibadilisha mawazo hasa ni majaribio ya kwenye watu. Kuna moja la Uppsala, Sweden, lilitoka 2014, walichukua vijana 39 wembamba wakawalisha keki ndogondogo juu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 7 ili wanenepe makusudi, nusu keki zao zilitengenezwa kwa mafuta ya mawese na nusu kwa alizeti. Wote waliongezeka uzito karibu sawa, kama kilo moja na nusu. Lakini wa mawese ndio waliojaza mafuta zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo, wa alizeti waliongeza msuli zaidi. Ini! Kitu nilichoambiwa mimi! Nilivyosoma hiyo nikamtumia baba mdogo saa hiyohiyo, akajibu kwa dole gumba tu, wazee bwana.

Halafu kuna Mauritius, hawa ni majirani zetu wa bahari moja. 1987 serikali yao ilibadilisha mchanganyiko wa mafuta ya bei nafuu ambayo watu wengi walikuwa wanapikia, ikatoa mawese ikaweka soya kwa sehemu kubwa, na walivyopima tena 1992 wastani wa kolestro ya watu wazima ulikuwa umeshuka kwa kama 0.8 mmol/L. Nchi nzima hiyo. Kulikuwa na kampeni nyingine za afya kwa pamoja, lakini mafuta yalihesabiwa kuwa na mchango mkubwa.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja kisa alizeti ni ya kwetu. Wale wa klipu wana karata zao mbili na siyo za uongo. Moja ni jaribio la Minnesota la 1968 mpaka 1973, watu zaidi ya 9,000 kwenye hospitali za akili na nyumba ya wazee, waliopewa mafuta ya mahindi kolestro ilishuka ila vifo havikupungua, na data nyingine zilikaa kwenye maboksi miaka na miaka mpaka Christopher Ramsden na wenzake wakazitoa 2016. Nyingine ni ya Sydney, wanaume waliowahi kupata shida ya moyo, waliopewa mafuta na majarini ya mbegu ya kartamu (safflower) wakafa wengi zaidi ya wenzao. Hizi zinanifanya nisiseme kwamba mafuta ya mbegu ni dawa unywe kwa kikombe. Ila Minnesota wengi hawakukaa kwenye jaribio hata mwaka, na majarini za miaka ile zilikuwa na mafuta mgando ya transi ambayo leo kila mtu anajua ni hatari kwa moyo. Nikipima yote pamoja, mimi sioni ushahidi wa kunitoa kwenye alizeti kunipeleka kwenye samli. Na kuna jamaa yangu kazini aliyehamia samli na mafuta ya nazi matupu, akapungua kweli kwa sababu aliacha na mikate na soda, ila kolestro mbaya ikapaa mpaka daktari akamuita tena.

Nilivyofika hapo swali likabadilika. Kama aina ya mafuta siyo tatizo kubwa, tatizo liko wapi? Nikaangalia jikoni kwangu.

Sisi tuko wanne, dumu la lita 5 lilikuwa halifikishi mwezi lazima tuongezee. Piga hesabu: lita 5 kwa watu wanne kwa siku 30 ni kama mililita 42 kila mtu kila siku, karibu vijiko vitatu vya chakula, na kijiko kimoja ni kama kalori 120. Kwa hiyo kalori kama 340 kwa siku zinaingia kwa mtu bila kuonekana hata kwenye sahani, na hapo sijahesabu maandazi ya asubuhi ya mtaani, chipsi yai ya mchana na sambusa za kwenye vikao. Mafuta yoyote, ya alizeti, ya mawese, ya nazi, ya zeituni ya bei mbaya, gramu moja ni kalori 9, hakuna yaliyo mepesi. Hii ndo niliona inaelezea ini langu kuliko omega yoyote, pamoja na soda, maana soda nayo nilikuwa nakunywa kama sina akili na sukari ile ini linaigeuza mafuta.

Nikamwambia mama watoto tupime mafuta kwa kijiko. Akaniangalia akasema, "Baba Neema, kwa hiyo mchuzi uive na maoni yako?" Ilibidi nipike mimi wikiendi kadhaa ili aonje. Tulichokuja kukubaliana ni kwamba kitunguu kinaanza na kijiko kimoja au viwili kwa sufuria nzima, kikianza kushika chini unadondoshea maji siyo mafuta, nyanya zinaiva mpaka zinajitenga zenyewe, na kama unataka uzito unaweka karanga za kusaga au tui jepesi. Mchicha na karanga hauhitaji mafuta kabisa. Samaki tukahamia kuchoma na kuchemsha na ndimu na pilipili, dagaa tunawakaanga bila mafuta kwanza wakauke ndo wanaingia kwenye mchuzi, na dagaa nawapenda kwa sababu ndo omega 3 ya mtu wa kawaida, ukitaka kusawazisha hiyo omega 6 njia ya kwanza ni kuongeza samaki, siyo lazima kukimbia alizeti. Asubuhi maandazi yakatoka ikaingia mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi. Watoto waligoma kidogo.

Chapati imegoma mpaka leo. Chapati isiyo na mafuta ni kitu kingine, tumeamua tu iwe mara chache.

Kuhusu mafuta ya kurudiwarudiwa, hapa ndo nawaunga mkono wenye hofu kwa sehemu. Alizeti ya kawaida siyo rafiki wa moto mkali wa muda mrefu. Hizo linoleiki zina sehemu laini ambazo joto na hewa vinazishambulia, zinavunjika zinatoa aldehaidi na takataka nyingine, na kadri unavyorudia ndo zinajazana. Baadhi ya nchi za Ulaya zimeweka kikomo, Ufaransa mafuta yakifika asilimia 25 ya hizo takataka ni ya kumwaga kwa sheria. Sasa nenda kwenye banda la chipsi mtaani kwako, mafuta hayamwagwi, yanaongezewa tu, ya juzi yanakaribisha ya leo mpaka yanakuwa meusi yanatoa povu. Na kichekesho ni kwamba wengi wa hao wanakaangia mawese yaliyosafishwa, kwa sababu ni bei nafuu na yanavumilia moto kuliko alizeti, kwa hiyo yule anayekwepa alizeti nyumbani halafu anakula chipsi za banda sijui anakwepa nini. Mi nimeacha vya kuzamishwa kwenye mafuta vya nje karibu vyote, nyumbani tukikaanga kitu cha kuzama basi mafuta yake hayarudi mara ya tatu, na alizeti yetu inakaa kabatini gizani mbali na jiko, ikianza kunuka kama rangi ya mafuta ya kupakia ukuta tunaachana nayo. Ile ya mashine ya baba mdogo ambayo haijasafishwa ina harufu nzuri sana kwenye mboga, ila usiiweke kwenye moto wa kukaangia, inapanda povu na kutoa moshi mapema.

Sasa tumbo. Hili nilidhani litapona kwa kuacha mafuta fulani, kumbe mambo yalikuwa mawili tofauti. La kwanza ni kiasi: mafuta yakifika mwanzo wa utumbo mdogo mwili unatoa homoni inayoambia mfuko wa chakula upunguze mwendo, ndo maana chipsi inakaa juu ya kitovu mpaka usiku, na hiyo inatokea hata ungekaangia zeituni. Nilivyopunguza mafuta kwenye mlo mmoja, kule kujaa kukaisha ndani ya muda mfupi tu, hii ilikuwa haraka kuliko kitu kingine chochote. Ya pili ni nyuzinyuzi. Klipu zinataja utafiti wa panya wa chuo cha California pale Riverside, wa 2023, waliolishwa mafuta mengi ya soya na utumbo ukaanza kupitisha vitu visivyotakiwa, bakteria wabaya wakaongezeka. Upo kweli, ila ni panya, na kwenye sahani yangu mimi kilichokosekana kilionekana wazi: asubuhi ngano nyeupe, mchana viazi vya kukaanga, usiku wali mweupe. Bakteria wa utumbo mpana walikuwa hawana cha kula. Wakipata nyuzinyuzi wanatengeneza asidi fupifupi kama byutireti ambayo ndo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Mulago kule Kampala, alikuwa anapigia kelele suala la nyuzinyuzi tangu miaka ya 1970 kutokana na alichokiona kwetu huku Afrika Mashariki.

Na kuna jipya la hapahapa nyumbani, limetoka 2025, watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud Uholanzi. Walichukua wanaume vijana 77 wa Kilimanjaro, waliozoea vyakula vya asili wakapewa vya kizungu kwa wiki mbili, soseji, mkate mweupe, chipsi, na wa mjini wakapewa vya asili, ndizi, maharage, mboga za majani, na kundi jingine likapewa mbege, ile pombe ya ndizi. Wiki mbili tu, viashiria vya inflamesheni vikapanda kwa waliopewa vya kizungu na vikashuka kwa waliorudi kwenye vya asili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Pale hawakubadilisha chupa ya mafuta peke yake, walibadilisha mlo mzima, na mi nadhani huko ndiko mjadala wa inflamesheni ulitakiwa uanzie.

Kwa hiyo nikaingiza dona, maharage, kunde, mlenda ambao kwetu ndo chakula, matunda na maganda yake pale inapowezekana. Tahadhari: usikurupuke. Ukijaza maharage ghafla gesi inazidi, unaona kama dawa imegeuka ugonjwa. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka yalainike kabisa, anza na upawa mdogo, ongeza polepole, na maji ya kunywa yasikosekane. Choo kilikaa sawa kabla hata ya uzito kupungua.

Uzito umetoka 84 mpaka 77, na kutembea jioni kumechangia, soda kuacha kumechangia, siwezi kukudanganya ni mafuta tu. Vipimo vya mwisho sukari 5.5, triglisaraidi zimeshuka, na mpima ultrasaundi akasema ini sasa ni afadhali sana, madaktari wanasema ukipunguza asilimia 7 mpaka 10 ya uzito ini la mafuta linapata nafuu na mi nimeangukia humo katikati. Kama una kisukari tayari au unameza dawa usiige hesabu zangu, kaa na daktari wako.

Kinachonisumbua kwa sasa ni shughuli, harusi na misiba, huko kijiko cha kupimia huwezi kwenda nacho. Mbinu yangu ni kuwahi foleni, namuomba mama anayepakua anipe pilau ya juu, maana ya chini ndo imekalia mafuta yote, halafu najaza kachumbari mpaka sahani inakuwa nyekundu, na wapenzi wa ukoko walioko nyuma yangu hawajawahi kulalamika.