Saa, umeme na hodi: kazi ya mtandaoni ukiwa nyumbani Unguja

Tuanze na saa, maana ndiyo inayovuruga wiki nzima kimyakimya. Zanzibar haibadilishi saa. London hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kikao chao cha saa tatu asubuhi kwetu huwa saa tano, na wakishaingia kwenye baridi kinakuwa saa sita mchana. Hapo ndipo penye tabu: adhuhuri inaadhiniwa kikao kikiwa hakijaisha, na kikao cha robo saa kinachoisha kwa robo saa ni nadra kama nini. Omba kisogezwe tangu Septemba, kabla kalenda za wenzio hazijajaa.

New York hutangulia, Jumapili ya pili ya Machi. Timu ikiwa na watu wa pande zote mbili, kuna wiki mbili au tatu ambazo vikao hupishana kwa saa nzima. Anayeandaa kikao ndiye mwenye ukanda wa saa: kikiandaliwa kwa saa za Dar es Salaam, kwako hakihami, wanaohamishwa ni wao. Na ukiwaandikia, andika 14:00. “Saa nane” muachie wa nyumbani.

Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Desemba 2009 ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani karibu miezi mitatu. Janga kama lile huna la kulifanya, lakini katizo la saa mbili tatu linakingika. Pawabenki ya mAh 20,000 hubeba kama wati-saa (Wh) 74, na zinazopotea njiani zikitolewa hubaki kama 60. Laptopu ya wati 25 itazimaliza kwa saa mbili na ushei; ruta ya wati 8 itakwenda nazo saa saba. Basi pawabenki ni ya ruta, laptopu ina betri yake. Soma kwanza maandishi ya adapta ya ruta: nyingi zinataka volti 12, na pawabenki ya kawaida hutoa 5, kwa hiyo unahitaji waya wa kupandisha volti. Weka na laini ya kampuni nyingine, kwani mnara nao huzimika. Ukiwa kwenye bando, funga kamera: video huweza kula GB moja kwa saa, sauti tupu haifiki MB 100. Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuchomeka chochote.

Hodi ni ngumu kuliko umeme. “Mwanangu, maadam upo, nitazamie chungu.” Kujibu “nina kazi” hakusaidii, kwa sababu umekaa na wanakuona umekaa. Taja mwisho wake: “Mama, niko kikaoni mpaka adhana ya adhuhuri.” Saa hiyo nyumba nzima inaijua. Na uwe na kazi moja ya nyumbani isiyokosa, kama kwenda sokoni kununua samaki kabla ya saa mbili. Anayekuona unarudi na kikapu hakugongei ovyo.

Wenye siku mbili kwa wiki za ofisini Mjini huzijaza vikao. Kwa anayeishi nyumba yenye watu wengi, afadhali kinyume: ofisini andika ripoti, nyumbani jibu barua pepe. Mwezi wa Ramadhani, kazi nzito ifanywe baina ya alfajiri na saa nne, na kalenda ifungwe kuanzia saa kumi na moja jioni, New York wapende wasipende.